Jinsi ya Kufikisha Hoja ya Mtaa Wako kwenye Kamati za Halmashauri ya Jiji

Kila vikao vya madiwani vinapokaribia, wakazi huuliza maswali yale yale: barua ya mtaa ipelekwe kwa nani, kwa nini diwani alisema jambo limefika jijini lakini halikutajwa hata mara moja kwenye Baraza, na je, mwananchi wa kawaida anaweza kuipinga sheria ndogo, yaani ile inayotungwa na halmashauri yenyewe, kabla haijaanza kumtoza. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mkazi wa majiji ya Tanzania Bara, yaani Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Anayeishi kwenye manispaa ataona utaratibu unafanana, kwa kuwa halmashauri zote za miji zinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, iliyotungwa mwaka 1982.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Mkutano wa Baraza la Madiwani ndio unaopigwa picha na kuandikwa magazetini, lakini sehemu kubwa ya mambo huwa yameshachambuliwa, yamepunguzwa au yameachwa kando kwenye kamati za kudumu kabla ya siku hiyo. Baraza hupokea taarifa za kamati, hujadili yale yenye utata, kisha huazimia. Anayengoja siku ya Baraza ndipo aanze kumtafuta diwani wake, amechelewa robo nzima ya mwaka. Hoja yako ielekezwe kwenye kamati, na ifike ikiwa imeandikwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu vifuatavyo kwanza, kwa sababu ukivitafuta katikati ya safari utapoteza muda wa vikao.

- Jina kamili la mtaa wako, kata yako na halmashauri yako, pamoja na majina ya Mwenyekiti wa Mtaa, Afisa Mtendaji wa Mtaa, Afisa Mtendaji wa Kata na Diwani.
- Ushahidi wa tatizo: picha zenye tarehe, stakabadhi za malipo, barua za awali na majibu yake kama yapo.
- Orodha ya wakazi wanaounga mkono hoja, yenye majina, saini na namba za nyumba au maeneo wanayoishi.
- Nakala ya sheria ndogo inayohusika, ikiwa hoja yako inagusa ada, ushuru, faini au katazo. Iombe kwa mwanasheria wa halmashauri au itafute kwenye tovuti ya halmashauri.
- Tarehe za vikao vya robo mwaka hiyo. Afisa Mtendaji wa Kata ndiye mtu wa karibu zaidi wa kumuuliza.
- Daftari moja la kuandikia kila hatua: ulikwenda ofisi gani, lini, ukapokewa na nani na ukaambiwa nini.

Hakuna ada ya kuwasilisha hoja. Anayekuomba fedha ili barua yako “isogee” anakuomba rushwa, nawe una haki ya kumripoti TAKUKURU kwa namba 113, ambayo hupigwa bila malipo.

Kamati zenyewe kwa ufupi

Kamati ya Fedha na Uongozi huongozwa na Mstahiki Meya na hukutana kila mwezi. Mapato, matumizi, mikataba na rasimu za bajeti hupita hapo, na karibu kila pendekezo la kamati nyingine lenye gharama huishia hapo kabla ya kwenda Barazani. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hushughulikia ramani za maeneo, viwanja vya wazi, vibali vya ujenzi, usafi na taka. Kamati inayosimamia huduma za uchumi, elimu na afya hushughulikia shule, zahanati, masoko na biashara ndogo. Jina lake hutofautiana kidogo kati ya jiji na jiji. Zipo pia Kamati ya Kudhibiti UKIMWI na Kamati ya Maadili, ambayo hii ya mwisho huangalia mwenendo wa madiwani wenyewe.

Wajumbe wa kamati ni madiwani. Wakuu wa idara na vitengo huhudhuria kama wataalamu, na Mkurugenzi wa Jiji ndiye katibu na mtendaji mkuu wa halmashauri. Tofauti hii ni muhimu kwako, kwa kuwa diwani huamua lakini mtaalamu ndiye anayeandika taarifa inayosomwa na diwani huyo.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha jambo lako ni la halmashauri, na ni la halmashauri yako. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Maji safi na majitaka ni kazi ya mamlaka ya maji ya mji wako, na umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ukikatwa mara mbili kwa nyumba moja, kamati ya madiwani haitaweza kukurudishia. Yanayobaki mikononi mwa halmashauri bado ni mengi na mazito: uzoaji wa taka, masoko, stendi, machinjio, makaburi, zahanati na vituo vya afya, shule za msingi na sekondari, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, maeneo ya wafanyabiashara wadogo, na ushuru na ada zinazotozwa kwa sheria ndogo.

   Angalia pia mipaka. Tangu mwaka 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea. Mkazi wa Mbagala akimwandikia Mkurugenzi wa Jiji, barua yake imekwenda kwa mtu asiye na mamlaka juu ya Mbagala. Mwanza nako ni hivyo hivyo: Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, wala haiko kwenye Halmashauri ya Jiji.

2. Ipeleke hoja kwenye mkutano wa mtaa kwanza. Omba Mwenyekiti wa Mtaa aiweke kwenye ajenda, ieleze kwa kifupi, kisha hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari pamoja na uamuzi wa wakazi. Waliohamia mjini kutoka kijijini wajue kwamba mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama halmashauri ya kijiji ilivyo nayo. Hata hivyo muhtasari wa mtaa una uzito wake, kwa maana hubadilisha lalamiko la mtu mmoja kuwa hoja ya wakazi, na ofisi nyingi za juu zitakuuliza kama jambo lilianzia mtaani.

   Tahadhari: usikubali kuondoka na ahadi ya mdomo kwamba “tutalifikisha”. Omba namba ya muhtasari au nakala ya ukurasa unaohusika.

3. Andika barua fupi yenye ombi moja. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, ikipitia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Kata, na nakala kwa Diwani. Kwenye kichwa cha habari baada ya “Yah:” taja jambo, mtaa na kata. Aya ya kwanza ieleze tatizo na lilipoanza. Aya ya pili itaje madhara yake na ushahidi ulioambatishwa. Aya ya tatu ieleze unachoomba na kamati unayotaka ilijadili.

   Mfano wa ombi lililoandikwa vizuri ni huu: “Tunaomba Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ijadili kuhamishwa kwa kizimba cha taka kilichopo kando ya uzio wa shule ya msingi, na kwamba mkandarasi aelekezwe kuondoa taka kila siku wakati uamuzi unasubiriwa.” Linganisha na ombi ambalo hurudi bila jibu: “Tunaomba serikali iangalie suala la uchafu katika mtaa wetu.” Hili la pili halina wa kulitekeleza, halina kipimo, na mtaalamu anaweza kulijibu kwa sentensi moja kwamba linafanyiwa kazi.

   Kosa la kawaida ni kuunganisha taka, zahanati, madawati na leseni kwenye barua moja. Mambo hayo huenda idara tofauti, na kila idara itangoja nyingine ijibu. Andika barua nne kama una mambo manne.

4. Ipokelewe kwa muhuri. Peleka nakala mbili masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua. Moja ibaki ofisini, na ya pili irudi kwako ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea. Nakala hiyo iliyogongwa muhuri ndiyo kinga yako pekee siku utakapoambiwa kwamba barua haikuonekana. Mwenye picha ya barua kwenye simu lakini hana muhuri huanza upya.

5. Ipitishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hii ni Diwani, katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Kwa hiyo Mwenyekiti wako wa Mtaa anao uwezo wa kuisemea hoja akiwa ndani ya kikao, lakini ataisemea vizuri endapo amepewa karatasi ya ukurasa mmoja yenye tatizo, ushahidi na ombi. Mwandalie wewe. Hoja ikikubaliwa, iingizwe kwenye taarifa ya kata ya robo mwaka, ambayo diwani huiwasilisha Barazani.

   Nawasihi wakazi wasiichukulie hatua hii kama urasimu wa kupita tu. Kata ndipo mitaa jirani hugundua kwamba ina tatizo lile lile, na hoja iliyobebwa na mitaa mitatu au minne husikilizwa tofauti kabisa na ya mtaa mmoja.

6. Zungumza na diwani na mtaalamu kabla ya kikao cha kamati. Muulize diwani wako yumo kwenye kamati gani. Ikiwa hayumo kwenye kamati inayohusika, mwombe amkabidhi hoja mjumbe aliyemo, na umfikie pia diwani wa viti maalumu anayeishi karibu. Kisha nenda kwa mkuu wa idara au kitengo husika ukiwa na nakala yenye muhuri, umuulize kwa heshima kama jambo limewekwa kwenye taarifa ya kamati. Mtaalamu aliyeuliziwa hoja na wakazi, akaona ushahidi na kuelewa ombi, huandika taarifa tofauti na yule aliyeikuta barua chini ya faili.

   Wananchi huwa hawaingii kwenye vikao vya kamati kama wanavyoingia kwenye mkutano wa Baraza. Ndiyo maana maandalizi haya hayana mbadala: ndani ya kikao hutakuwepo, na karatasi yako ndiyo itakayokusemea.

7. Pima gharama mapema. Kamati inaweza kukubaliana na ombi lako na bado lisitekelezwe kwa sababu halikuwa na fungu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa miezi kadhaa kabla, na Baraza kwa kawaida hupitisha rasimu ya bajeti kati ya Januari na Machi, ndipo iende mkoani, OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Hazina. Ombi la kujenga vyoo vya soko likiletwa Aprili linaombwa kwa bajeti ambayo imeshafungwa. Ligawe basi: omba lile linaloweza kufanyika sasa kwa fedha za uendeshaji, na lile la ujenzi liombe liingizwe kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

   Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani vina njia yao. Mgawanyo wa kisheria ni asilimia 4, 4 na 2 kwa mpangilio huo. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo wenye fomu za zamani waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili wapewe utaratibu unaotumika sasa.

8. Hudhuria Baraza na usikilize. Baraza hukutana kwa kawaida kila robo mwaka. Siku moja hutumika kupokea taarifa za kata, na siku inayofuata hupokea taarifa za kamati. Kuna pia maswali ya papo kwa papo. Kaa kwenye nafasi ya wananchi, zima simu, na uandike ilivyosemwa kuhusu hoja yako. Mwananchi haruhusiwi kuchangia, na kupaza sauti kutakutoa nje bila kukusaidia. Tofautisha maneno matatu: Baraza “limepokea” taarifa, “limeelekeza” mtendaji afanye jambo, au “limeazimia”. Lililopokelewa tu halimfungi mtu kutenda.

9. Fuatilia utekelezaji kwa maandishi. Baada ya wiki chache, mwandikie Mkurugenzi barua ya pili ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, kikao kilichojadili na maelekezo yaliyotolewa, kisha uulize utekelezaji umefikia wapi. Halmashauri hutoa taarifa ya utekelezaji wa maazimio ya kikao kilichopita katika kila mkutano wa kawaida. Mwombe diwani ahakikishe azimio lenu limo kwenye taarifa hiyo, kwa sababu azimio likitoka kwenye orodha limesahaulika.

Ikiwa hoja yako inahusu sheria ndogo

Hapa utaratibu una tofauti kubwa. Rasimu huandaliwa na wataalamu pamoja na mwanasheria wa halmashauri, hupita kwenye kamati, kisha hutangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi. Baraza likishaipitisha, hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aidhinishe, na ndipo huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Halmashauri haiwezi kukutoza ada mpya kwa msingi wa muhtasari wa kikao peke yake.

Nafasi yako iliyo bora ni wakati wa tangazo. Matangazo haya hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa, mahali ambapo watu wengi hupita bila kusoma. Viongozi wa masoko, wa bodaboda na wa wauzaji wadogo wajiwekee desturi ya kuteua mtu wa kuzipitia mbao hizo kila wiki. Ukiona tangazo, andika pingamizi ukitaja kifungu kwa namba, ueleze athari yake kwa mfano wa biashara halisi, na upendekeze maneno mbadala. Pingamizi linalosema “ushuru ni mkubwa” ni dhaifu. Linalosema “kifungu kinamtoza mwenye meza ya mboga sawa na mwenye duka la jumla, tunapendekeza viwango viwili kulingana na ukubwa wa eneo” huwapa madiwani kitu cha kushika.

Angalia vilevile kama rasimu inapingana na sheria ya Bunge. Sheria ndogo inayopita mipaka ya sheria mama haina nguvu, na Bunge lina Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo inayochambua hati za namna hiyo.

Mambo yakikwama

*Diwani hapokei wala hajibu.* Mwandikie barua na nakala uipeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na ana wajibu wa kuweka kumbukumbu. Mtumie pia diwani wa viti maalumu. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa Baraza.

*Unaambiwa kila mara kwamba jambo “linafanyiwa kazi”.* Acha kuuliza kama linafanyiwa kazi. Uliza nani amekabidhiwa, kwa barua ya tarehe ipi, na kikao gani kitapokea taarifa yake. Maswali haya matatu yawe kwenye barua.

*Unanyimwa muhtasari au sheria ndogo.* Tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Omba kwa maandishi, taja waraka unaoutaka, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Watumishi wengi hubadili msimamo wanapoona sheria hiyo imetajwa kwenye aya ya kwanza.

*Kamati imekubali, lakini mwaka umeisha bila utekelezaji.* Angalia kwanza kama fungu lilikuwepo. Kama halikuwepo, rudi hatua ya saba mapema safari hii. Kama lilikuwepo, omba maelezo ya matumizi yake kwa barua, na nakala iende kwa Mkuu wa Wilaya na Katibu Tawala wa Mkoa. Hesabu za halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kila mwaka, na taarifa zake huwekwa wazi. Soma sehemu ya halmashauri yako kabla ya kuandika.

*Ofisi zote za halmashauri zimenyamaza.* Dawati la malalamiko la halmashauri na mfumo wa e-Mrejesho, ambao ni wa serikali wa kupokea maoni na malalamiko mtandaoni, huacha kumbukumbu ya tarehe, kwa hiyo vitumie hata kama huna imani kubwa navyo. Palipo na matumizi mabaya ya madaraka au ukiukwaji wa haki, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko. Mahakama ni njia ya mwisho, na kabla ya kuishtaki halmashauri unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, hivyo mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema. Atakachokuomba kwanza ni zile nakala zenye muhuri na lile daftari la kumbukumbu.

*Mmepewa mlichoomba, lakini kwa muda tu.* Kizimba kimehamishwa, baada ya miezi mitatu kimerudi. Msianze tena na barua mpya mtaani. Andikeni kwa Mkurugenzi mkitaja azimio lenyewe na tarehe yake, ambatisheni picha mpya, na mwombe diwani aulize swali la papo kwa papo kwenye Baraza linalofuata: azimio hilo limebatilishwa na kikao gani?